Timu hii ni ya nani?

Juma hili nataka kuzungumza juu ya kandanda, lakini msidhani kwamba naanza na Simba na Yanga. Hao wana watu wa kutosha wa kuwasemea. Nataka kuzungumza juu ya timu ambazo matokeo yao hayasomwi redioni, na yakisomwa basi jina la timu hukosewa.

Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa mkoani. Anasema timu ya vijana wa tarafa yao imetwaa ubingwa wa wilaya, na sasa inatakiwa kwenda makao makuu ya mkoa kucheza ligi ya mkoa. Nauli hawana. Diwani ameahidi, mwenye duka ameahidi, na mbunge yuko bungeni. Ananiomba niwatangazie ili wenye moyo wachangie. Nimemjibu kwamba mchango wangu nitautuma, na nimeutuma. Lakini nimemwuliza swali moja ambalo mpaka leo hajanijibu. Nimemwuliza: timu hiyo ni ya nani?

Sikuuliza kwa kebehi. Nina sababu yangu, na leo nitaieleza.

Mwaka 1984 nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya daraja la nne katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Namba hiyo niliipata baada ya mwenyewe kuoa na mkewe kumkataza kucheza. Jezi zetu zilikuwa 11, si zaidi. Aliyeingia kipindi cha pili alivaa ya yule aliyetoka, ikiwa imelowa jasho. Njumu zilikuwa jozi saba, waliobaki tulicheza peku. Ugenini tulikwenda juu ya lori lililobeba magunia ya mpunga. Mwenye lori ndiye aliyekuwa mwenye jezi, ndiye mwenye mpira, na mara nyingi ndiye aliyepanga timu. Tulimwita mwenyekiti, ingawa sikumbuki mkutano uliomchagua.

Mwaka uliofuata, katika mechi ya ugenini, kiungo wetu alivunjika mguu. Alikuwa kijana mpole, fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ya kuendesha kwa miguu. Tulimrudisha juu ya lori lile lile, amelazwa juu ya magunia matupu, mguu umefungwa kwa vipande vya mianzi. Alikaa hospitali miezi mitatu. Mwenyekiti alilipa wiki ya kwanza, kisha akasema biashara ni mbaya. Haukupita muda akaliuza lori, na lori lilipoondoka jezi ziliondoka nalo, na mpira pia, na timu ikafa. Hakuna aliyeweza kumwuliza kitu. Hapakuwa na katiba, hapakuwa na daftari la wanachama, hapakuwa hata na karatasi moja yenye majina yetu. Mwenzetu alipona, lakini mguu mmoja ukawa mfupi. Cherehani akaiuza.

Nimelibeba jambo hilo miaka yote hii. Tulikuwa vijana zaidi ya 15, kila mmoja akisema "timu yetu", na siku mwenzetu alipohitaji timu tukagundua kwamba haikuwa yetu.

Sasa hebu tuangalie historia, maana kisa chetu kile hakikuwa cha peke yake.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Simba, na akarudia mwaka 1966. Mwaka 1967 ikawa zamu ya Cosmopolitan, nayo ya Dar es Salaam. Kisha Yanga wakashika kombe miaka mitano mfululizo, tangu 1968 hadi 1972. Angalieni jambo moja hapo. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936. Ligi ilipoanza, klabu hizo zilikwishakuwa na umri wa mtu mzima. Zilikuwa na wanachama, zilikuwa na matawi, zilikuwa na ugomvi wa wanachama, na ugomvi wa wanachama ni dalili ya kuwa klabu ina wenyewe. Mchezaji akiondoka klabu inabaki. Kiongozi akifukuzwa klabu inabaki.

Mikoani hali ilikuwa tofauti. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1975 ndipo kombe likatoka nje ya Dar es Salaam, likaenda Morogoro kwa timu ya Mseto. Jiulize leo, Mseto iko wapi? Ukimwuliza kijana wa Morogoro aliyezaliwa miaka ya tisini, atafikiri unamzungumzia chakula.

Baadaye ukaja wakati wa mashirika ya umma, na wale wa rika langu wanaukumbuka vizuri. Kila mkoa ulikuwa na timu yenye shirika nyuma yake. Mwanza walikuwa na Pamba. Morogoro walikuwa na Reli. Mtwara walikuwa na Bandari. Moshi walikuwa na Ushirika, Dodoma walikuwa na CDA, Kagera na Kigoma kila mmoja alikuwa na RTC yake, na hapa Dar es Salaam tulikuwa na Sigara. Mchezaji aliandikwa kazi. Huyu karani wa stoo, yule mlinzi wa getini, mwingine msaidizi wa fundi. Asubuhi kazini, jioni mazoezini, mwisho wa mwezi mshahara. Akivunjika mguu alikuwa mfanyakazi mgonjwa, na mfanyakazi mgonjwa ana daktari na ana haki zake. Nikiutazama mfumo ule naona mapungufu yake mengi, maana fedha za shirika zilikuwa fedha za umma na wakati mwingine zilitumika kama za mjomba. Lakini fundi cherehani wetu angekuwa mchezaji wa timu ya shirika, asingeuza cherehani.

Na matunda yalionekana. Pamba ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990. George Masatu na Hussein Masha walipita Pamba kabla ya kuvaa jezi ya Simba, na Simba ile ndiyo iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Tunapojisifu kwa fainali ile, na tuna haki ya kujisifu, tukumbuke kwamba sehemu ya sifa hiyo ilipikwa Mwanza.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote hakikutoka kwenye timu iliyobeba jina la shirika. Kilitoka Tukuyu.

Wale ambao hawajafika, Tukuyu ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya ya Rungwe. Ukitoka Mbeya unakunja kulia pale Uyole, unapanda milima, unapita migomba na chai, na mara nyingi mvua inakupokea kabla ya mwenyeji. Mji huo ulikuwa na timu iliyoitwa Tukuyu Stars, na mashabiki wake waliipa jina la Banyambala, maana yake kwa Kinyakyusa ni wanaume. Mwaka 1986 timu hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imepanda na kuingia katika ligi ya juu kabisa ya Bara, ambayo siku hizo iliitwa Ligi Daraja la Kwanza. Watu wa mjini wakauliza Tukuyu ni wapi. Msimu ulipokwisha jibu walikuwa nalo, kwa sababu bingwa wa Bara alikuwa Tukuyu Stars. Mwaka huo huo Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano, kama ilivyofanya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mwaka 1986 makombe yote mawili makubwa yalikuwa kusini, na Kariakoo hapakuwa na hata moja.

Mimi wakati huo timu yangu ilikwishakufa. Nakumbuka tulivyokuwa tukikusanyika kwenye kibanda cha muuza chai aliyekuwa na redio, tukichangia betri, kwa sababu betri zilikuwa adimu kama sukari. Palikuwa na wazee waliokuwa hawajui tofauti ya kona na faulo, lakini walijua kwamba watoto wa kwao wanawafunga watu wa Dar es Salaam. Hiyo iliwatosha. Yule mwenzetu wa cherehani naye alikuwa akija, anakaa kwenye kigogo mlangoni, ameunyosha mguu.

Sasa sikilizeni mwaka uliofuata. Mwaka 1987 Tukuyu Stars, bingwa mtetezi, ilishuka daraja.

Watu wengi hukieleza kisa hiki kama kichekesho. Wanasema ni kama mtu aliyepewa nyumba akalala usiku mmoja tu. Mimi sikioni kuwa kichekesho. Bingwa hashuki kwa sababu amesahau kucheza mpira. Vijana waliokuwa wamechanua mwaka ule walitamaniwa na timu kubwa, na baadhi yao wakachukuliwa. Hilo ni jambo la kawaida, na simlaumu kijana anayefuata maisha. Hata Ulaya timu ndogo huvunwa na timu kubwa. Tofauti ni hii: Ulaya timu ndogo ikivunwa hulipwa, na malipo hayo hununua mbegu nyingine. Kwetu timu ndogo ikivunwa hubaki shamba tupu.

Tukuyu Stars haikutwaa tena ubingwa wa Bara. Kwa miaka mingi sasa haimo katika Ligi Kuu, na jina lake hutajwa na watu wenye mvi kama mimi.

Ikaja miaka ya tisini. Kuanzia mwaka 1992 sheria ilifungua mlango wa kubinafsisha mashirika ya umma. Sitaki leo kuingia katika mjadala wa ubinafsishaji, una siku yake. Nasema tu kwamba kila shirika lilipopunguza wafanyakazi, karani wa stoo mwenye mguu wa dhahabu alikuwa wa kwanza katika orodha, maana mwekezaji alipofungua vitabu alikuta anamlipa mtu ambaye stoo hajaijua. Timu zikafa moja baada ya nyingine. Baadhi zilishuka polepole, daraja hadi daraja, kama mzee anayeshuka ngazi. Pamba ikaondoka katika ligi ya juu, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla haijarudi mwaka 2024 ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, kwa jina la Pamba Jiji.

Tukitazama orodha ile ya timu za mashirika tunaona ukweli mmoja mchungu. Zote zilikuwa na majina ya mikoa na zote zilishangiliwa na watu wa mikoa hiyo. Lakini watu wa mikoa hiyo hawakuwa wenye timu. Mwenye timu alikuwa shirika. Shirika lilipokwenda, ilikuwa kama lile lori la magunia ya mpunga. Liliondoka na jezi na mpira.

Je, hakuna waliopona? Wapo, na tujifunze kwao. Mwaka 1988 wafanyakazi wachache wa kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, walianzisha timu yao, wakaanza kucheza daraja la nne, daraja lile lile nililocheza mimi. Walipanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 1999 walikuwa mabingwa wa Bara, na mwaka 2000 wakarudia. Mwaka 2004 wafanyakazi wa makampuni ya Bakhresa hapa Dar es Salaam walianzisha timu ya kujifurahisha baada ya kazi. Mwaka 2008 timu hiyo, Azam, iliingia Ligi Kuu, na katika msimu wa 2013/14 ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Lakini kabla ya kombe hilo ilikwishajenga uwanja wake Chamazi na kuanza kulea vijana. Ilijenga kwanza nyumba, ndipo ikaalika wageni. Mbeya nako halmashauri ya jiji iliunda Mbeya City mwaka 2011. Ikapanda Ligi Kuu mwaka 2013, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu. Mwaka 2023 ilishuka, lakini haikufa, na mwaka 2025 ikapanda tena. Linganisheni na Tukuyu Stars, watu wa mkoa huo huo. Yule aliyeshuka akiwa na mwenyewe aliweza kusimama.

Na msiniambie kwamba madaraja ya chini hayana wachezaji. Desemba 2017 Simba, mabingwa watetezi wa Kombe la Shirikisho, walitolewa kwa mikwaju ya penalti na Green Warriors, timu ya daraja la pili. Desemba 2018 walitolewa tena katika kombe hilo hilo, mara hii kwa mabao 3-2, na Mashujaa ya Kigoma iliyokuwa daraja la kwanza. Mashujaa hao miaka mitano baadaye walikuwa Ligi Kuu. Hata nahodha wetu wa miaka mingi, Mbwana Samatta, hakuanzia Msimbazi. Alitokea Mbagala, akapitia timu ya African Lyon ambayo hapo mwanzo iliitwa Mbagala Market, ndipo akaenda Simba, TP Mazembe, Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa.

Lakini timu isiyo na wenyewe ina ugonjwa mwingine, nao ni uchafu. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya kundi moja la ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, timu mbili zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda. Moja ilishinda 8-0 na nyingine ikashinda 7-0. Mabao 15 kwa siku moja, na wenye kufungwa hawakuona aibu. Shirikisho halikukubali, likazishusha timu zilizohusika, na Mbao ya Mwanza, iliyokuwa nyuma yao, ikapandishwa. Mwaka uliofuata Mbao hao wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuwahenyesha Simba hadi muda wa nyongeza, wakafungwa 2-1. Maana yake aliyekuwa anaibiwa nafasi ndiye aliyekuwa na mpira. Mimi nasema, mechi inauzwa kwa urahisi pale ambapo muuzaji hana mtu wa kumwogopa. Klabu yenye wanachama 300 wanaokutana kila mwaka na kusomewa hesabu, kiongozi atafikiri mara mbili kabla ya kuiuza.

Sasa namrudia msikilizaji wangu mwenye barua.

Ndugu yangu, njia iliyo mbele ya vijana wako ni ndefu. Wakishinda ligi ya mkoa, wanakwenda kwenye ligi ya mabingwa wa mikoa. Wakifaulu huko kuna First League, ambayo sisi wazee tuliijua kama daraja la pili. Juu yake kuna Championship, na ndipo uone Ligi Kuu yenye timu 16. Nauli ya leo itawafikisha kituo cha kwanza tu. Kwa hiyo pamoja na nauli, fanya mambo yafuatayo, na hayana gharama ya kutisha.

Nunua daftari. Andika humo wanachama, hata kama ni 40, na kila mmoja atoe ada yake hata kama ni ndogo kiasi gani, kwa sababu mtu hulinda kile alichokilipia. Andikeni katiba, msajili klabu, mfungue akaunti ya benki yenye majina matatu, na mwenye duka akitaka kusaidia aingize fedha humo apewe stakabadhi na makofi. Asipewe timu. Akifilisika kesho, Mungu amwepushe, jezi zibaki.

Kisha andika wachezaji. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyojiunga, siku aliyoondoka, na ahakikishiwe usajili wake katika chama cha soka. Hili ndilo watu wengi hawalijui. Kanuni za FIFA zilizoanza mwaka 2001 zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine huku mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Mgawo huo haubagui klabu kubwa na ndogo. Lakini anayedai lazima awe na ushahidi kwamba kijana alikuwa kwake na alisajiliwa. Klabu isiyo na usajili haina cha kudai, hata kama kijiji kizima kinakumbuka kijana alivyokuwa akicheza chandimu pale mbele ya zahanati.

Na la mwisho, tenga fungu la mguu. Ndivyo ninavyoliita mimi. Kila mlango ukikusanywa, hata wa shilingi chache, sehemu iwekwe kwa ajili ya yule atakayevunjika. Maana atavunjika mmoja, hilo halina shaka, na siku hiyo ndipo mtakapojua kama mna timu au mlikuwa mnapanda lori la mtu.

Yule mwenzetu kiungo bado yu hai. Nilimwona mwaka juzi nilipokwenda kuzika nyumbani. Anauza vitambaa sokoni, ameketi. Tulizungumza juu ya mpira, kwani tungezungumza nini kingine? Alinitajia kikosi chetu chote cha mwaka 1985, namba moja hadi kumi na moja, bila kukosea hata jina moja. Nikamwambia haya ndiyo yaliyopaswa kuandikwa. Akacheka, akaniambia, "Basi yaandike wewe, mimi nilikuwa nacheza."

Wapenzi wasikilizaji, ndiyo hayo nimeyaandika. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.